Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Neno juu ya Kazino na Watalii

Maswali mawili yalitufikia hapa Likasi karibu katika juma moja. Tumeona vema kuyajibu pamoja, kwa sababu ndugu walio bado katika seminari watayakuta yote mawili siku watakapotumwa parokiani, na pengine watayakuta katika nyumba moja.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana mwenye masomo, katika mkutano wa wakristu nyuma ya Misa ya Jumapili. Alisema hivi: «Haut-Katanga yetu ina mapori na maji ya kupendeza. Kuna ziwa Tshangalele, lililotokea mto Lufira ulipofungwa kule Mwadingusha kwa ajili ya umeme. Kuna parki ya Kundelungu na maporomoko ya Lofoi, ambapo maji huanguka zaidi ya metre 300. Lakini watalii ni wachache. Mbona tusifanye kama inchi nyingine? Serkali itoe ruhusa ya kujenga kazino kubwa kando ya ziwa. Wageni watakuja, vijana watapata kazi, sanduku la serkali litapata kodi. Waulizeni watalii wenyewe: wengi watasema ndiyo. Na wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.»

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja wa Kikula. Alikuja kutuona siku ya kazi, pamoja na watoto wawili waliovaa nguo za masomo lakini hawakuwa masomoni. Walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu feza ya masomo haikulipwa. Baba yao ni shofere. Alikuwa ameiweka feza ile katika pari za mpira wa Ulaya, akaipoteza yote. Mama yule hakulia. Aliuliza tu: «Padri, mume wangu hakunywa pombe, hakuiba, hakwenda kwa mwanamke mwingine. Nyumba ile ya pari iko wazi mchana, mbele ya watu wote, wala polisi hawaifungi. Basi uniambie, zambi yake ni gani?»

Kijana alituuliza juu ya mgeni. Mama alituuliza juu ya mwenyeji. Yafaa tusiyatenge maswali haya. Tutaona kwanza kazino hupata wapi mali yake. Pili, watalii hufikiri nini. Tatu, mambo yaliyozipata inchi zilizofungua mlango. Nne, mafundisho ya Kanisa. Na mwisho tutarudi hapa kwetu Likasi.

1. Kazino hupata wapi mali yake?

Watu wengi hufikiri kwamba mwenye kazino naye hubahatisha kama wateja wake. Sivyo. Tuchukue mchezo unaojulikana kuliko yote, yaani ruleti. Ni gurudumu lenye vyumba vidogo 37, vyenye namba tangu 0 mpaka 36. Mtumishi wa nyumba hulizungusha, hutupa ndani yake mpira mdogo, na namba ambapo mpira unatulia ndiyo inayoshinda. Mtu akiweka franka 1.000 juu ya namba moja, na namba ile ikashinda, hulipwa franka 35.000 na kurudishiwa ile 1.000 yake. Anatoka na 36.000.

Sasa tuseme watu 37 wamekaa mezani, na kila mmoja ameweka franka 1.000 juu ya namba yake. Mezani kuna franka 37.000. Mpira ukiisha kutulia, mtu mmoja anachukua 36.000, na wengine 36 hawapati kitu. Je, ile 1.000 iliyobaki ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba. Hakudanganya, hakumwibia mtu. Ndivyo mchezo ulivyopangwa. Na katika nyumba ambazo gurudumu lina sifuri mbili, yaani vyumba 38, mwenye nyumba hubaki na 2.000 katika kila 38.000.

Pengine msomaji atasema kwamba 1.000 katika 37.000 ni kidogo. Lakini gurudumu halizunguki mara moja. Mtu akiweka franka 1.000 mara 30 kwa saa moja, na akikaa saa nne, ameweka 120.000. Tukihesabu wachezaji wengi pamoja, kila mmoja wa namna ile huacha mezani karibu franka 3.240. Mmoja atatoka akicheka, mwingine atatoka bila feza ya kurudi kwake. Lakini nyumba haimhesabu mtu mmoja, huhesabu wote. Mchezaji ana haja ya bahati. Mwenye nyumba hana haja nayo. Ana haja tu ya watu kukaa muda mrefu.

Hapo tunaona tofauti kati ya kazi hii na kazi nyingine. Mkulima akiuza mahindi, yeye hurudi nyumbani na feza, na mnunuzi hurudi na mahindi. Mchimbaji akitoa shaba, kuna shaba ambayo jana haikuwako. Katika kazino hakuna kitu kipya kinachotokea. Faida ya nyumba ni hasara ya wachezaji, tena kodi ya serkali ni sehemu ya hasara ileile. Kwa hiyo kila anayesema «kazino italeta feza» sherti aulizwe mara moja: feza ya nani?

2. Mtalii husema nini?

Kijana wetu alijibu: feza ya wageni. Na alisema tuwaulize. Basi tufikiri kidogo juu ya jibu lao.

Kuna wageni wa namna tatu. Wa kwanza ni yule anayesafiri kwa ajili ya mchezo wenyewe. Ukifunga kazino leo, kesho hatakuja. Wa pili amekuja kuona bahari, wanyama ao maporomoko, na jioni, akiisha kula, anapenda kupitisha saa mbili mezani. Wa tatu amekuja na mke na watoto kutafuta utulivu. Kelele za usiku na wanawake wanaongoja mlangoni humchukiza, na mwaka unaofuata atakwenda pengine.

Ukiwauliza wote watatu kama wanakubali kazino iwekwe, wa kwanza atasema ndiyo kwa nguvu. Wa pili atasema ndiyo pia, kwa maana haimgarimu kitu. Hata wa tatu pengine atasema kwamba kila mtu ana uhuru wake. Namna hii wengi watakuwa wamekubali. Lakini kukubali si kuja. Mtu wa Ulaya anayepanda ndege kwenda Mombasa haendi kutafuta ruleti, kwa sababu ruleti anayo karibu na kwake. Anatafuta jua na bahari. Anayetaka kujua kama kazino italeta watalii asiulize «Je, mwakubali?» Aulize: «Je, mngekuja kwa ajili yake? Na kama haiko, mtaacha kuja?» Maswali haya huleta majibu mengine kabisa.

Tena kuna neno lingine. Mgeni hujibu kama mtu anayepita. Amekuja na feza aliyoitenga kwa ajili ya mapumziko, na akiipoteza, watoto wake watakula vilevile. Hajulikani na mtu. Mchungaji wake hayuko, jirani zake hawamwoni. Siku ya tano anafunga sanduku lake na kurudi. Hatumlaumu kwa hayo yote. Twasema tu kwamba hawezi kuwa shahidi wa mambo yatakayotokea Jumatatu, wakati yeye hayuko tena na meza zingali pale pale.

Mara nyingi mtu yuleyule anayesema ndiyo katika inchi ya wengine husema hapana katika mji wake mwenyewe. Jambo hili tutaliona sasa katika historia.

3. Inchi zilizofungua mlango

Tuanze na Monaco, inchi ndogo sana kando ya bahari, iliyozungukwa na Ufaransa. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa maskini. Mwaka wa 1863 mtu mmoja jina lake François Blanc alishika kazi ya kazino kule Monte Carlo, na matajiri wa Ulaya wakaja. Mwaka wa 1869 mtawala Charles III aliwaondolea watu wake kodi. Tuseme ukweli, kwa maana hatutaki kushinda kwa uwongo: mwenyeji wa Monaco alipona. Lakini tazameni jambo moja. Sheria ya Monaco yenyewe iliwakataza wenyeji wa Monaco wasicheze katika kazino ile. Walioijenga walijua vema kitu walichokijenga.

Singapore ilifanya karibu namna ile. Ilipofungua kazino mbili mwaka wa 2010, mgeni mwenye paspoti ya inchi nyingine aliingia bure, lakini mwenyeji sherti alipe dola 100 za Singapore kwa siku moja, na mwaka wa 2019 zikawa 150. Na mji wa Yeriko, tunaousoma katika Injili juu ya Zakayo, ulikuwa na kazino kubwa tangu mwaka wa 1998. Israeli inakataza kazino kwake. Basi watu wa Israeli walivuka kwenda Yeriko kucheza, na Wapalestina wa pale hawakuruhusiwa kukaa mezani. Mwezi wa Oktoba 2000, vita ilipoanza, nyumba ile ikafungwa. Wageni waliokuja kwa maelfu hawakuonekana tena.

Inchi hizi tatu hazifanani kwa dini, kwa utajiri wala kwa serkali. Lakini zote tatu zimetoa ushuhuda uleule: chakula tunachompikia mgeni, watoto wetu wasikionje. Sisi twauliza: mama gani hupika chakula cha namna hiyo na kukiita ukarimu?

Tutazame sasa Afrika. Mwaka wa 1965 serkali ya Afrika ya Kusini ilikaza sheria ya kukataza michezo ya bahati. Mwezi wa Desemba 1979 Sol Kerzner alifungua Sun City katika Bophuthatswana, mojawapo ya zile «inchi» ambazo siasa ya ubaguzi ilizikata kwa ajili ya watu weusi. Watu wa Johannesburg na Pretoria, ambao kwao sheria ilisema ni uovu, walipanda magari Ijumaa wakaenda kucheza kule, Jumapili wakarudi. Uovu haukubaliwi nyumbani, lakini unapelekwa kwa jirani maskini! Mwaka wa 1994 Bophuthatswana ilirudi katika Afrika ya Kusini, na mwaka wa 1996 sheria mpya ikaruhusu kazino katika inchi nzima. Tangu hapo mtu wa Johannesburg hakuwa na haja ya kusafiri ili acheze. Somo ni hili: mgeni wa kazino hapendi ziwa lako wala watu wako, anapenda sheria yako. Siku jirani akifanya sheria kama yako, mgeni hana sababu ya kuja.

Upande wa mashariki, Kenya ilifanya sheria ya pari, bahati nasibu na michezo ya bahati mwaka wa 1966. Kazino zikafunguliwa Nairobi na katika pwani, zikingoja hasa mgeni mwenye feza za kigeni. Zilikuwa nyumba zenye mlango na mlinzi. Mlimaji na mvuvi hawakuingia. Lakini mwaka wa 2007 ilianza kule kazi ya kutuma feza kwa simu, na katika miaka iliyofuata nyumba za pari zikaingia ndani ya simu. Sasa mlango umo mfukoni mwa kila kijana, na mlinzi hayuko. Mwaka wa 2019 serkali ya Kenya iligombana na makampuni makubwa ya pari juu ya kodi na ruhusa, hata mengine yakafunga kazi. Mwezi wa Januari mwaka uleule, serkali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa tena ruhusa kwa makampuni mapya ya pari za mpira, kwa sababu ya vijana.

Tusiseme kwamba kazino za watalii ndizo zilizozaa pari za simu. Simu ndiyo iliyozileta. Lakini inchi ikiisha kuzoea kusema «mchezo huu ni biashara kama nyingine, mradi kodi inalipwa», haipati tena neno la kumwambia mchezo ukimfikia mtoto wa maskini. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgeni, mwenyeji naye hupita humo.

Nasi Wakongo tusijione wapya katika jambo hili. Mwaka wa 1934, wakati wa taabu kubwa ya uchumi, Ubelgiji ilianzisha Loterie Coloniale ili kusaidia sanduku la koloni ya Kongo lililokuwa tupu. Nyuma ya uhuru wetu ikageuka kuwa Loterie Nationale ya Wabelgiji. Tena Wabelgiji walikuwa na sheria ya mwaka wa 1902 iliyokataza nyumba za kamari. Lakini kazino za Ostende, Spa na Namur zilivumiliwa kwa ajili ya wageni, mpaka sheria ya mwaka wa 1999 ilipozipa ruhusa wazi. Karibu miaka 100 sheria ilisema hapana kwa mdomo na ndiyo kwa mkono. Mtoto anayemwona baba yake akifanya hivyo hujifunza mkono, hajifunzi mdomo.

4. Kanisa lafundisha nini?

Hapa wengine hungoja tuseme kwamba kila mchezo wa feza ni zambi. Kanisa halisemi hivyo, na padri asiongeze mzigo ambao Kanisa halikuutia. Mitume walipiga kura ili kumchagua Matia. Mtakatifu Toma wa Akwino hufundisha kwamba roho ina haja ya mchezo kama mwili una haja ya usingizi. Upinde unaovutwa siku zote hukatika. Na parokia ngapi zimepata mabati ya kanisa kwa tombola?

Katekisimu ya Kanisa Katolika, katika namba 2413, husema kwamba michezo ya bahati na pari si kinyume cha haki kwa yenyewe. Lakini huwa mibaya inapomnyima mtu kile kinachohitajiwa kwa maisha yake na ya wale anaowatunza. Tena tamaa ya mchezo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Walimu wa teolojia ya tabia njema walikuwa wakitaja masharti manne, nayo yafaa tuyashike kwa moyo.

La kwanza: feza inayochezwa iwe ya mchezaji kweli, tena isiwe feza ya lazima ya nyumba. La pili: acheze kwa hiari, si kwa kusukumwa na watu wala na tamaa isiyozuilika. La tatu: pasiwe na udanganyifu. La nne: nafasi ya kushinda iwe sawa kwa wote, ao kama si sawa, kila mtu aijue na kuikubali.

Tupime tombola ya parokia. Mtu hununua tikiti moja, anajua kwamba feza inakwenda kwa mabati, na usiku ule mambo yamekwisha. Hata hivyo padri ajihazari: akianza kuiweka kila juma, na akimwona mjane ananunua tikiti kumi, ameiacha njia. Tukumbuke vilevile kwamba Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka wa 1917 kiliwaonya wakleri wasishughulike na michezo ya bahati ya feza. Sheria mpya ya mwaka wa 1983 haitaji michezo kwa jina, lakini yataka mkleri aepuke yote yasiyofaa hali yake. Padri anayeonekana katika nyumba ya pari hatahubiri tena juu ya jambo hili.

Tupime sasa kazino. Sharti la tatu laweza kutimizwa, kama serkali inakagua vizuri. La nne ni zito, kwa maana tumeona kwamba nyumba haiko sawa na mchezaji, na wachezaji wachache tu wamefanya ile hesabu ya 37. Lakini sharti la kwanza na la pili ndizo zenye taabu kubwa. Mgeni tajiri aweza kuyatimiza yote mawili, na kwake mchezo utakuwa garama ya mapumziko tu. Maskini hawezi kutimiza la kwanza, kwa sababu karibu kila franka yake ina mwenyewe: ni ya unga, ya dawa, ya masomo. Na yule aliyekwisha kushikwa na tamaa hawezi kutimiza la pili. Basi kazino hupata faida kubwa kwa nani? Kwa yule asiyejua kuondoka. Biashara ambayo mteja wake bora ni mtumwa sherti tuitazame kwa macho makali, hata kama ina ruhusa.

Tusisahau neno la mgeni. Ibrahimu alipowaona wageni watatu alikimbia kuwaletea maji, mkate na nyama; hakuwawekea mtego. Mababu zetu nao waliposema kwamba mgeni huponya mwenyeji, walifikiri mgeni anayekuja na habari, na dawa, na mikono ya kusaidia kazi. Hawakufikiri mgeni anayenyang'anywa usiku ili mwenyeji ashibe asubuhi. Udhaifu wa mgeni si mali yetu. Hata kama wenyeji wote wangekatazwa kuingia, tungebaki na swali hili: mtu yule anayepoteza kwetu, je, hana mke na watoto kwao?

5. Turudi Likasi

Kijana wetu aliwaza watalii wa Ulaya. Lakini tutazame wageni wanaopita kweli katika mji wetu. Wengi ni mashofere wa kamyo zinazobeba shaba kutoka Kolwezi kwenda Zambia na Tanzania. Ni wafanya biashara na mainjinia wa migodi. Shofere ana feza ya njia mfukoni, ambayo si yake. Ni ya mafuta na ya barabara. Analala hapa usiku mmoja, mbali na jamaa yake. Huyo ndiye angekaa mezani kwanza. Na karibu naye angekaa mchimbaji wa mkono, aliyeuza mfuko wa mawe jioni ile, na ambaye kila siku ardhi yenyewe humfundisha kungoja bahati.

Tuyajue pia majeraha ya mji wetu. Wazee wa Panda na Shituru wanakumbuka siku za mshahara wa kila mwezi na posho ya kambi. Mwaka wa 2003, katika Gécamines, wafanya kazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa malipo ya mara moja, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Tangu siku zile nyumba nyingi hazina tena mwisho wa mwezi. Pasipo mwisho wa mwezi, mtu huanza kungoja muujiza. Nyumba za pari za mpira hazikuumba njaa hiyo. Ziliikuta, zikafungua dirisha mbele yake. Kwa sababu hiyo anayetaka kupigana na kamari kwa mahubiri matupu, bila kujali kazi na mshahara, anakata majani na kuacha mzizi.

Kijana yule tulimjibu hivi: Unapenda inchi yako, nasi twaipenda. Lakini mgeni atakayekuja kuona maji ya Lofoi, hakuna jirani awezaye kumvuta kwa kufanya sheria nyingine, kwa maana Lofoi iko kwetu tu. Tuombe barabara nzuri ya kufika Kundelungu, mtumbwi salama juu ya Tshangalele, nyumba safi ya kulala, na polisi asiyemsumbua mgeni njiani. Hayo yatatoa kazi kwa vijana polepole, nayo hayatapungua kwa kuchezwa. Alisema kwamba njia hiyo ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu.

Na mama wa Kikula? Tulimwambia: Mume wako hakuiba kwa jirani, lakini alichukua feza ya watoto wake. Feza ya masomo ilikuwa mkononi mwake tu, haikuwa yake. Mtume Paulo amemwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Ndiyo zambi yake. Na ruhusa ya serkali haiondoi zambi, kama vile ruhusa ya kuuza pombe haimpi mtu ruhusa ya kulewa.

Nyuma tulimpa mashauri, ambayo tunayaandika hapa kwa ajili ya ndugu watakaosikiliza maungamo. Mwungamaji wa namna hii asiambiwe tu «usirudie». Aulizwe feza ilikuwa ya nani, na airudishe kwa wenyewe, hata kidogo kidogo kila juma. Malipizi yake ya kwanza ni masomo ya watoto. Feza ya lazima ilipwe siku ileile inapopatikana, ao ishikwe na mke. Aondoe katika simu yake njia ya pari. Apate ndugu mmoja wa kuongea naye siku za mechi, kwa maana siku zile ndizo za hatari. Asikope ili kurudisha alichopoteza; hapo ndipo wengi wamezama. Na padri asimtukane, kwa sababu mtumwa hafunguliwi kwa matusi.

Mume yule alikuja kwetu mara mbili. Mara ya tatu hakuja. Watoto wamerudi masomoni kwa msaada wa wakristu wa jumuiya yao, na mama anauza mboga ili kulipa feza inayobaki. Tungali tunamngoja mume wake.

Basi, ndugu, siku mtakapoulizwa kama inchi yafaa kufungua kazino kwa kuwa wageni wanaipenda, msikasirike wala msijibu upesi. Ulizeni mambo matatu. Je, mgeni amesema atakuja, ao amesema tu kwamba hakatai? Je, wale wanaoitaka watakubali wana wao wakae mezani? Na wageni wakiisha kuondoka, ni nani atakayebaki mbele ya meza zile? Atakayejibu maswali haya kwa zamiri safi atakuwa ameisaidia inchi yake, hata kama jibu halimpendezi.